Fundi Aliyepima Sauti kwa Mahindi

Fundi huyu nilimjua tangu tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Nyamigogo, nyumba yake ikiwa ya tatu kutoka yangu, zote zimepangwa mstari mmoja kama meno. Kwao ni wapi na babu yake alikuwa nani, waulizeni wanaopenda kuhesabu koo. Mimi nilimjua kwa kazi yake na ukaidi wake. Nilimjua pia kwa jambo moja la wakati wa vita lililompeleka kizuizini, na mkono uliompeleka huko ni huu ninaoshikia kalamu. Nitafika hapo. Sitapita kando.

Alikuwa mrefu, mkavu, shingo kama ya korongo. Shati lake lilikuwa moja, la kaki, mifuko minne. Mfuko wa juu kushoto bisibisi. Wa kulia waya wa risasi wa kulehemu, umeviringwa kama konokono. Chini kushoto kipande cha nta ya nyuki. Chini kulia hakuna aliyejua, maana hakuna aliyemwona akiutia mkono. Mkewe alikuwa akisema, "Huyu akifa, kabla ya kumwosha mkague mifuko, msije mkazika duka."

Alitengeneza redio na santuri, hata kipaza sauti cha kanisani. Lakini watu waliotoka mbali, wengine Nyamahanga, wengine Ngara wakilala njiani, walimfuata kwa ajili ya makasha. Kasha la spika. Wengine walidhani kasha ni pambo, kibweta cha kuificha spika isipate vumbi. Yeye akisikia hivyo uso unamkunjamana kama amelamba shubiri.

"Amplifaya ni mpishi," alisema. "Spika ni mlaji. Kasha ni tumbo. Mpishi akipika kidogo, mlaji anakwangua sufuria mpaka anajikata ulimi. Mpishi akipika kupita kiasi, mlaji anapasuka. Na tumbo likiwa kubwa kuliko mwenyewe, chakula kinamtupa huku na huku mpaka anachanika."

"Sasa tumbo dogo je?" nikamuuliza siku moja.

"Tumbo dogo linakoroma, shemeji. Umewahi kumsikia mbuzi aliyevimbiwa?"

Aliniita shemeji kwa sababu ya mume wangu, ambaye walichimba pamoja kisima cha kijiji. Mimi nilimwita fundi. Hata mkewe alimwita fundi.

Kwake hakukuwa na redio. Mtu anayetengenezea watu sauti, nyumba yake kimya kama sakristia. Ukipiga mlango kwa nguvu anakuuliza mlango umekukosea nini. Ngoma za dansi hakuzihudhuria, lakini kilabu chote cha huku kilicheza kwa makasha yake. Watoto aliwapenda, akiwatengenezea magari ya waya, ila mtoto akigusa spika kwa kidole katikati ya ile karatasi yake, alikuwa anageuka chui. Na uongo aliuchukia. Mtu akileta redio akasema imezimika yenyewe, naye akaiona ina alama za maji, anairudisha bila kuifungua. "Rudi ukiwa na ukweli," anamwambia. Nilimwona akimfukuza hivyo hata katekista.

Sauti nzito hakuisikiliza kama sisi. Aliweka kiganja juu ya ubao wa kasha, macho kafumba, kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto. Kisha anasema, "Bado," au anasema, "Haya." Katikati ya maneno hayo mawili hakuna aliyejua anasikia nini.

Mwenye kilabu alimjaribu. Alikuwa na amplifaya moja ya betri na spika mbili, akanunua nyingine mbili, akataka zote nne zifungwe pale pale.

"Haiwezekani," fundi akasema.

"Kwani matundu ya waya si yapo?"

"Matundu yapo. Ng'ombe ana chuchu nne, lakini ukimwekea ndama wanane atakufa ng'ombe, si ndama. Kila spika unayoongeza inamvuta mpishi. Hii imeandikwa om nne, kipimo cha ukinzani, na kila spika inaushusha. Ukishuka chini ya hapo inachemka."

"Wewe unaogopa kazi. Nitamwita fundi mwingine."

"Mwite. Na ndoo ya mchanga uiweke karibu."

Alimwita mwingine. Wimbo wa tatu haukufika mwisho. Moshi ulitoka kwenye amplifaya, watu wakatoka na vibuyu vyao vya rubisi mkononi, wakamalizia kunywea barabarani. Asubuhi mwenye kilabu alikuja kwa fundi na ile maiti chini ya kwapa. Fundi hakumcheka. Aliipokea, akainusa, akasema, "Transista mbili. Njoo baada ya wiki mbili, uje na adabu."

Sasa namna alivyopima ukubwa wa kasha. Hakuwa na vitabu vya kizungu. Alikuwa na debe. Kila spika aliijua inataka madebe mangapi ya hewa nyuma yake; alijifunza kwa kuharibu nyingi, mwenyewe alikiri. Alichonga kasha la mninga, mbao nene, viungo akaviziba kwa nta ili hewa isitoroke. Alilifanya kubwa kidogo makusudi. Kisha anamimina mahindi makavu, debe kwa debe, la mfuto, yaani unapitisha kijiti juu ya mdomo wa debe, kinachozidi kinaanguka. Mahindi yakiisha na kasha bado lina nafasi juu, anagongomea vipande vya mbao ndani, anajaza tena, mpaka yakae sawasawa na ukingo. Hapo anatoa mahindi, anafunga spika.

Mchanga haukumfaa, una unyevu, unavimbisha mbao. Maji ndiyo kabisa. Ni mahindi tu, na mahindi makavu kuliko yote kijijini yalikuwa yangu. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Dari yangu ilikaa juu ya moshi, hakuna fukusi aliyethubutu. Kwa hiyo aliazima kwangu, akarudisha jioni hiyo hiyo, akiokota hata punje zilizodondoka uani. Majirani walimtania. "Fundi, leo sauti imepikwa na maharage?" Yeye anajibu, "Nenda kalime yako, nawe utapimiwa."

Basi, vita.

Adui alipovuka mpaka kule kaskazini, huku kwetu hatukuona askari wake hata mmoja, lakini hofu haihitaji miguu. Tulizima moto mapema. Tulichimba mahandaki nyuma ya nyumba, watoto wakafundishwa kulala kifudifudi. Chumvi ikapotea, sabuni ikapotea. Mume wangu alikuwa mgambo, akapanda lori na wenzake, mimi nikabaki na watoto sita na neno lake moja, "Funga mlango." Mtu mgeni akionekana, anaulizwa maswali na watu kumi. Mtu mwenye waya na betri, hata kama mnamjua, mnaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Nami nilimtazama hivyo siku moja. Nikajionea aibu.

Katikati ya hayo akaja mheshimiwa mmoja na Landirova. Juu ya gari kulikuwa na spika mbili za bomba, zile za kutangazia, zenye mdomo kama ua la boga. Nyuma alibeba spika kubwa iliyotoka kwenye bendi iliyovunjika, upana wake kama sinia ya kulia watu sita, na amplifaya mpya nzito kama jiwe la kusagia.

"Ndugu fundi," akasema, "nataka ngoma ya kuita watu. Ngoma inayotoka ndani ya gari, isikike mpaka mlima wa pili. Bomba zinasema maneno, lakini watu wamechoka maneno. Ngoma ikilia, mtu anatoka mwenyewe. Jumamosi nina mkutano hapa. Tunataka vijana na chakula cha askari."

Fundi akaigeuza ile spika, akaikandamiza kidogo kwa vidole vya mikono miwili, taratibu.

"Jumamosi ni karibu," akasema.

"Na adui ni karibu vilevile. Hatuna nafasi ya uzembe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alifanya kazi siku tatu. Ijumaa mchana kasha lilikuwa uani kwake limesimama, la mninga mwekundu, zuri mpaka unatamani kulilalia. Akaja kwangu kuazima mahindi. Nikabeba debe langu na gunia, nikamfuata. Wakati tunafika, dereva wa mheshimiwa akawa anamwita huku anapiga honi: waya za betri zimeanza kunuka, aje haraka. Fundi akanipa kile kijiti chake.

"Shemeji, nisaidie. Inataka madebe matatu. Mfuto. Ukimaliza niite nione yamefika wapi."

"Mfuto?"

"Mfuto," akarudia, akaondoka na miguu yake mirefu.

Nikabaki na kijiti mkononi. Sasa nisikilizeni. Katika nyumba niliyozaliwa na nyumba niliyoolewa, debe la mfuto anapewa mpita njia. Mnunuzi usiyemjua, unampitishia kijiti, basi, mkaagana. Jirani anapewa debe la kilemba: linajaa, halafu unaongeza kwa mikono miwili mpaka mahindi yanasimama kama kichuguu na yanaanza kuteleza. Mama yangu alikuwa akisema, ukimfutia jirani debe, umemfutia na mlango. Na pale uani walikuwapo wanawake wawili wanapita kwenda kisimani, wamesimama wakinitazama. Nimfutie jirani debe mbele yao? Mwaka wa njaa, waende wakasema kisimani kwamba mimi nimeanza kufuta?

Sikuelewa kwamba hapa mahindi hayatolewi. Nilielewa kwa masikio, moyo haukuelewa. Nikakitupa kijiti. Nikapima kilemba, matatu, mikono miwili juu ya kila debe, karibu pishi nzima ya ziada kila mara. Kasha likajaa mpaka ukingoni, vizuri kabisa. Nikafurahi. Nikaona nimemfanyia hisani.

Fundi akarudi, mikono imeungua kidogo. Akainama.

"Yamejaa? Matatu tu?"

"Matatu."

"Sihitaji kupunguza?"

"Si unaona mwenyewe, yamejaa."

Alisimama pale. Akatazama kasha, akatazama jua. Dereva akapiga honi tena. "Nilikata vibaya, basi bahati imenisaidia," akasema. Tukatoa mahindi, akafunga spika, akaziba kwa nta. Kwenye kirungu cha kupandishia sauti cha amplifaya akachora mstari kwa makaa: mwisho hapa.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule. Walikaa kimya, maana siku zile mkusanyiko wenyewe ulikuwa unatisha. Tulikuwa tunasikia habari za mabomu kule juu, kila mtu anatazama mbingu. Mheshimiwa akaweka kanda ya ngoma. Ngoma ya kwanza ililia, nikaisikia tumboni. Ya pili. Akapandisha mpaka kwenye mstari wa makaa, wala hakuuvuka, nilimwona kwa macho yangu. Spika ikaanza kuruka ndani ya kasha, mbele nyuma, mbele nyuma, kama kuku aliyekatwa kichwa. Kisha ikapasuka. Pah.

Watu hawakuuliza. Uwanja wote ulikimbia. Walirukia mahandaki, walikanyagana, mama mmoja akakimbia na mtoto asiye wake. Mzee mmoja wa mstari wetu alianguka, mguu ukavunjika, mfupa tukauona. Walipogundua hakuna bomu, hofu iligeuka hasira, na hasira inatafuta mtu.

"Hujuma," mheshimiwa akamwambia fundi. Hakupaza sauti. "Wakati wa vita umenitegea bomu la sauti ili watu wasije tena mkutanoni. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Kuna kitu hakikulingana. Niruhusu nipime."

"Upime nini? Umekwisha pimwa."

Mgambo wawili walikuwa wameshamshika mikono. Mmoja wao akasema, "Mheshimiwa, mwache apime. Akishindwa, amejihukumu." Ikabidi yaletwe mahindi. Nani ayalete? Mimi. Nilibeba gunia lile lile na debe lile lile mbele ya kijiji kizima.

Walimwachia mikono. Alilifungua kasha, akaitoa ile spika, karatasi yake imechanika ukingoni pande zote kama imetafunwa. Akajaza debe la kwanza, akapitisha kijiti, akamimina. La pili, kijiti. La tatu, kijiti. Juu ya mahindi ilibaki nafasi. Akaingiza mkono. Vidole vikazama, kiganja kikazama.

Hakunitazama. Wanawake wawili wa kisimani ndio walionitazama.

"Tumbo ni kubwa," akasema polepole. "Hewa ya nyuma haikuwa na nguvu ya kuirudisha spika. Ikaruka kupita kiasi, ikachanika. Hakuna bomu, mheshimiwa. Kuna kipimo kilichokosewa."

"Nani alipima?"

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua. Nikawaona wanangu sita wamesimama kwenye mstari wa mbele, mume wangu yuko vitani, na pale palikuwa na yule mzee analilia mguu wake. Mdomo ukabaki wazi kama wa samaki.

"Mimi," fundi akasema.

Mtu aliyemfukuza katekista kwa uongo wa redio, akasimama akasema mimi. Nikanyamaza. Wanawake wale wawili wakanyamaza pia; mpaka leo sijui kama ni kwa huruma au ni kwa kunitunzia deni. Wakampakia nyuma ya Landirova, akakaa juu ya kasha lake mwenyewe, maana hapakuwa na nafasi nyingine.

Alikaa kizuizini wiki saba. Mkewe nilimpelekea unga kila siku ya saba. Alinishukuru. Shukrani yake ilinichoma zaidi ya tusi.

Alirudi amekonda, ndevu zimeota. Nilikwenda kumpa pole pamoja na wengine. Akasema, "Asante, shemeji," sauti ile ile. Vita vikaisha, mume wangu akarudi mzima, fundi akaendelea kuchonga makasha. Lakini mahindi yangu hakuyaazima tena. Alinunua yake, akayaweka kwenye pipa lenye mfuniko, na kijiti akakifunga kwenye pipa kwa kamba. Hapo nikajua kwamba anajua. Tukaishi hivyo miaka, nyumba yangu na ile ya tatu, tukisalimiana kila asubuhi kama watu wasio na kitu kati yao. Mara ngapi nilivaa khanga niende kumwambia, nikaishia kisimani.

Baadaye alihama, akafuata wanawe Ngara, karibu na Rusumo, kwenye malori. Mkewe alifia huko. Mimi nikazika mume wangu huku. Na nilipoanza kuamka usiku nikihesabu walio hai niliobaki na deni lao, nikaona ni yeye tu. Nikamwambia mjukuu wangu anipeleke.

Nilimkuta sokoni chini ya kibanda cha bati, mzee kweli kweli, shati la kaki bado lina mifuko minne. Dereva mmoja wa lori alikuwa amemletea spika ya gari, nyeusi, nene, ndani ya kasha kubwa, na amplifaya ndogo inayong'aa.

"Shikamoo bibi," dereva akanisalimu.

"Marahaba."

"Bibi, msaidie huyu babu asikie. Nimemwambia nataka besi itetemeshe vioo, ananiambia nikalete kasha dogo. Huyu mzee hataki raha."

Fundi alikuwa ameweka kiganja juu ya kasha la yule dereva, macho kafumba. "Bado," akasema. Kisha akafumbua, akaniona.

"Shemeji."

"Fundi. Nimekuja kukuambia kitu."

"Eh?"

"Nimekuja kukuambia kitu cha wakati wa vita."

"Sema kwa nguvu. Sisikii."

Soko limejaa. Wauza ndizi, makuli, mawakala wa forodha wameshika makaratasi, yule dereva ameketi juu ya tairi. Mimi sikuwahi kuomba msamaha kwa sauti hata ndani ya nyumba yangu. Nikasogea, nikanong'ona karibu na sikio lake. Akatikisa kichwa.

"Kwa nguvu, shemeji."

Nikapaza. Nikasema, ni mimi niliyepima lile kasha. Nikasema nilipima kilemba, niliona aibu kukufutia. Nikasema uliposema ni wewe, nilikuwa nimesimama pale, nikanyamaza, ukachukuliwa. Nilipaza mpaka muuza ndizi akaacha kuhesabu. Dereva akashuka kwenye tairi, akavua kofia, sijui kwa nini.

Fundi alikuwa anatazama mdomo wangu.

"Nilijua," akasema. "Tangu mkono wangu ulipozama."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilimpa mtu mwingine kipimo changu, nikaenda kutengeneza waya. Fundi ni anayepima. Kosa lilikuwa langu pia. Lakini nilikungoja. Wiki ya kwanza nilidhani utakuja na kusema. Ya pili nikadhani hivyo. Ya tatu nikaacha."

Akashika sikio lake la kushoto, lile nililolinong'oneza. "Hili si uzee. Hili lilipigwa kule, siku ya kwanza. Waliniuliza tena nani alipima."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na khanga yangu ya sikukuu. Dereva akaleta kigoda. Fundi akakipokea, akakizungusha, akakiweka upande wake wa pili, akakipangusa kwa mkono.

"Njoo upande huu," akasema. "Huu unasikia kidogo. Yale uliyosema mwanzo sikuyapata yote."

Nikainuka, nikahamia kulia kwake, nikaanza tena.